Mfuko wa Wagonjwa Ulivyoanza

Mambo ya hisa, mikopo na mgao wa kila mwaka katibu ameyaandika kwenye kurasa zake, na hesabu zimekaguliwa. Sisi tumeombwa tuandike habari za mfuko wa wagonjwa, kwa sababu kila Jumatano wanachama wapya wanauliza: hisa tunaijua, jamii tunaijua, sasa hii mia tano nyingine ni ya nini? Ni swali la haki. Anayetoa hela yake lazima ajue inakwenda wapi. Basi tunaandika ilivyokuwa, pamoja na yale tuliyobishana, maana bila ubishi ule mfuko huu usingekuwapo. Mwenzetu ambaye habari hii inamhusu ametukubalia tuandike, ila kaomba jina lake tusilitaje. Waliokuwapo wanamjua.

Tulianza mwaka 2015, wanawake 18, hapa hapa Muheza, chini ya mwembe. Wengi wetu tuliishia darasa la saba. Wanaouza machungwa walikuwa wengi, kama mnavyoijua Muheza, wengine mihogo na samaki wa kukaanga, na wawili walikuwa wakiteremsha iliki na mdalasini kutoka Amani. Mtindo wenyewe hatukuubuni sisi. Sanduku lenye kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu tofauti, lilianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991 kwa mpango wa shirika la CARE, likasambaa nchi nyingi za Afrika, na huku kwetu wengi wanaliita VICOBA. Kabla ya hapo tulicheza upatu. Upatu ni mzuri, lakini haukopeshi, wala hauangalii una shida gani. Zamu yako ni zamu yako.

Kila kikao mtu alinunua hisa, halafu akatoa shilingi 500 za mfuko wa jamii. Katika katiba yetu ya kwanza mfuko wa jamii ulikuwa na vifungu viwili tu, uzazi na msiba. Mwanachama akijifungua, 20,000 na doti moja ya kanga. Akifiwa na mume, mtoto au mzazi, 100,000. Akifa mwenyewe, familia inapewa 150,000. Ugonjwa haukutajwa. Vikundi vyote tulivyovijua viliandika hivyo hivyo, na sababu yake inaeleweka: msiba una siku zake, tanga linaanuliwa, hesabu inafungwa. Ugonjwa hujui utakwisha lini.

Mwishoni mwa mwaka 2018 mwenzetu mmoja, muuza machungwa, mama wa watoto wanne, akaanza kukosa vikao. Hakuwa mtu wa kukosa. Akija anakaa upande, amejifunga kanga mbili, na kabla ya kufunga sanduku ameshaondoka. Kumbe alikuwa akitokwa na damu kila akikutana na mumewe, baadaye hata bila hivyo, pamoja na majimaji yenye harufu na maumivu ya kiuno. Aliona aibu kusema. Katika kituo kimoja alichokwenda alipewa vidonge mara tatu bila kupimwa ndani. Jirani akamwambia amechezewa, wakaenda kwa mganga, huko likaliwa beberu na 70,000 taslimu.

Aliyemtoa kwenye aibu ile ni mkubwa wetu kwa umri, ambaye sote tunamwita Bibi. Alimfuata kwake jioni akamwambia, "Mwanangu, mimi nimezaa tisa, hakuna usichoweza kuniambia." Kesho yake wakaenda hospitali wote wawili.

Kuna kipimo cha siki ambacho wengi wetu tulikuwa hatukijui, na tunakieleza hapa ili asiwepo wa kukiogopa. Muuguzi anapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kidogo, anatazama kwa taa. Palipoanza kuharibika panageuka peupe. Hakiumi, na majibu unapewa hapo hapo. Kwa mwenzetu hata siki haikuwa na kazi kubwa, kidonda kilionekana kwa macho. Wakakata kinyama kidogo kikapelekwa kupimwa. Majibu yalirudi Aprili 2019: saratani ya mlango wa kizazi. Akapewa barua ya rufaa ya kwenda Ocean Road, Dar es Salaam.

Ocean Road sote tulikuwa tumeisikia, tena kwa jina la kutisha. Wengi walidhani ukipelekwa kule ndiyo safari ya mwisho. Jengo la zamani ni la Wajerumani, lilianza kazi mwaka 1897 likiwa hospitali ya Wazungu, ufukweni kabisa ili wapate upepo. Watu weusi walitibiwa kwingine. Matibabu ya saratani kwa mionzi yalianza pale mwaka 1980, na mwaka 1996 ikafanywa taasisi inayojitegemea. Mwenzetu alipokwenda mara ya kwanza, akiwa na mdogo wake, walirudi na habari tatu. Ya kwanza ilikuwa njema: ugonjwa haujasambaa mbali, unatibika. Ya pili njema pia: mionzi halipii. Ya tatu ndiyo iliyotukalisha kikao: mionzi ya nje ni siku tano kwa juma, majuma matano mfululizo, pamoja na dripu ya dawa, halafu inafuata mionzi ya ndani. Jumla majuma saba, na ukikatiza katikati unaupa ugonjwa nafasi.

Majuma saba Dar es Salaam! Hapo ndipo penye jambo ambalo watu wa mjini hawalioni. Wanasikia matibabu ni bure wanadhani yamekwisha. Nauli ya basi si bure. Kulala si bure. Kutoka Mbagala, kwa ndugu wa mama yake alikofikia, hadi ufukweni ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi, wao wawili, kila siku. Na huku nyumbani watoto wanakula nini, wakati aliyekuwa akiuza machungwa ndiye huyo yuko kwenye mashine?

Kikao cha Mei 2019 kilianza saa nane kikaisha magharibi. Tulikuwa tumefika wanachama 22, ukimtoa yeye 21. Wengine walisema tuvunje sanduku, kila mtu achukue hisa zake, tumchangie kwa wingi. Wengine wakasema aongezewe mkopo. Lakini alikuwa tayari na deni, alikopa 300,000 akawa amerudisha 80,000, na wadhamini wake wawili walikuwa wamekaa wameinamisha vichwa. Tuliwaelewa. Akishindwa yeye, wao ndio wanaolipa. Kundi la tatu likasema katiba ni katiba. Mmoja wao alisema maneno ambayo hatuyadharau mpaka leo: "Leo ni yeye, kesho mwenye presha, keshokutwa mwenye sukari. Sanduku litageuka hospitali na sote tutakosa." Alikuwa na haki ya kusema. Alikuwa mjane, na mgao wa Desemba ndio uliokuwa ukimnunulia mwanawe mahitaji ya shule.

Bibi akanyosha mkono. Akasema, "Angekufa jana, leo tungetoa 150,000 bila kikao. Sanda tunayo, nauli hatuna?"

Kwa muda hakuna aliyesema kitu. Halafu tukaanza kuamua, moja moja. Sanduku lisivunjwe, kwa kuwa hisa ni za kila mtu na shida za watu hazifanani. Mkopo wake usimame pale ulipo, riba isihesabiwe, na wadhamini wasiguswe mpaka atakapopata nguvu. Kila mmoja atoe 10,000 za hiari. Na mfuko wa jamii utoe 100,000 kwa mara hii moja, jambo lililopigiwa kura ya mikono, 17 wakakubali, 4 wakakataa. Majina ya wanne hao hatuyaandiki, ila tunaandika kwamba wote wanne walitoa 10,000 zao siku ile ile.

Hesabu ikaonyesha hazitoshi. Wazo la kadi lilitoka kwa mwanachama wetu anayeuza vitafunio stendi. Alisema, hivi jamani, harusi ikikaribia si tunapelekewa kadi za mchango mpaka tunazikimbia? Mtu anatoa 30,000 kwa harusi ya mtoto wa mtu asiyemjua, huku anadaiwa dukani. Kwa nini mgonjwa asiwe na kadi? Tukachapisha kadi 60 kwenye steshenari moja mjini, shilingi 500 kila moja. Kijana wa pale akatuuliza bwana harusi ni nani. Tulicheka, lakini tulipoanza kuzigawa kicheko kiliisha. Wapo waliozirudisha wakasema kumchangia mtu hajafa ni kumchimbia kaburi. Mzee mmoja aliishika kadi kwa ncha za vidole kama kitu cha moto. Hatukugombana nao. Tulisema tu: hii si rambirambi, hii ni nauli. Neno nauli lilisaidia sana, kwa kuwa nauli kila mtu anaijua.

Kadi 44 zilirudi na hela. Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha stendi walitoa 1,000 kila mmoja. Walimu wa shule anakosoma mwanawe wa tatu walitoa kadi moja kwa pamoja. Tangazo lilisomwa msikitini Ijumaa, na kanisani Jumapili, kwa maneno yale yale, maana katibu aliliandika mara moja akalinakili.

Juni machungwa yakaiva, na hapo Mwenyezi Mungu alitufungulia. Wanachama wenye mashamba walitoa matenga 19. Asiye na shamba alichuma, akabeba, akapanga. Mchuuzi mmoja wa Kenya, katika wale wanaokuja kila msimu na malori, alinunua yote kwa 12,000 tenga bila kuvutana bei, alipoambiwa ni ya nini.

Upande wa nyumbani ulikuwa na kazi yake. Mume wa mwenzetu ni mkata mkonge, anaondoka alfajiri giza lingalipo. Binti mkubwa alikuwa kidato cha pili, na tayari alishasema ataacha shule apikie wadogo zake. Ada ya shule ya serikali ilikuwa imefutwa mpaka kidato cha nne tangu 2016, kwa hiyo kilichokuwa kikimtoa binti yule shuleni kilikuwa ni sufuria. Tukapanga zamu, wanawake wawili kila juma, kupika jioni na kuchota maji. Mahindi yake yalikuwa yameingiliwa na majani, tukaenda na majembe Jumamosi mbili. Shemeji hakupenda mwanzoni. Alisema watu watamcheka kwamba kashindwa kulisha nyumba yake. Mweka hazina wetu akamjibu, "Shemeji, harusi yenu mlichangiwa. Mbona hukusema umeshindwa kuoa?" Akacheka, na tangu siku ile akawa anatuachia kuni zilizopasuliwa mlangoni.

Si wote waliocheka. Ndugu mmoja wa upande wa mume alikuja kikaoni akataka hela yote akabidhiwe yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo. Tulimpa kiti, tukampa chai, hela hatukumpa. Tulikuwa tumekubaliana kuwa kila Ijumaa mweka hazina anamtumia mdogo wake mgonjwa kwa M-Pesa, kiasi cha juma moja tu, na ujumbe wa simu unasomwa kikaoni Jumatano kwa sauti, wote wasikie. Yule ndugu aliondoka amekasirika, na salamu yake mpaka leo ni ya mbali. Lakini tunawashauri wenzetu wa vikundi vingine: hela ya mgonjwa imfikie anayemshika mkono mgonjwa. Ikipita kwenye mikono mingi inachoka njiani.

Hesabu yenyewe ni hii, kama ilivyo kwenye daftari. Wanachama 210,000, machungwa 228,000, kadi 407,000, mfuko wa jamii 100,000. Jumla 945,000. Iliyotumika: nauli za basi, pamoja na safari moja ya mume kwenda kumwona, 150,000. Chakula kule Mbagala 245,000. Daladala 140,000, na hii ndiyo iliyotushangaza wote, maana hela inayotoka mia tano mia tano huioni mpaka uijumlishe. Vipimo na dawa za kununua duka la dawa 168,000. Unga, mchele, mafuta na sabuni za watoto 160,000. Madaftari na sare 27,000. Kuchapisha kadi 30,000. Ikabaki 25,000.

Alirudi Agosti 2019, amekonda, ngozi imeungua sehemu za chini ya kiuno, chakula hakimkai. Wengine walipomwona walisema hata mwaka hamalizi. Ilichukua muda. Mpaka Februari 2020 alikuwa amerudi na meza yake ya machungwa, meza ndogo, na siku hiyo hiyo alileta 5,000 kikaoni kuanza kulipa deni.

Hapo tukabishana tena. Kuna waliotaka deni la 220,000 lifutwe kabisa. Mwenyewe alikataa. Alisema, "Mkilifuta, nitakuwa naingia humu kama mgeni." Tukamwachia. Alilipa 5,000 kila juma, hata wakati wa korona tulipokuwa tunakaa mbali mbali na kuzungumza kwa kupaza sauti, na Desemba ile alimaliza. Riba tu ndiyo alikubali isamehewe. Wadhamini wake walipewa daftari watie sahihi, mmoja akalia.

Ile 25,000 iliyobaki ndiyo mbegu ya mfuko wa wagonjwa. Katika mkutano mkuu wa Desemba 2019 tulibadili katiba: kila kikao 500 ya wagonjwa, inakaa kwenye mfuko wake wa rangi nyingine ndani ya sanduku, haikopeshwi, haigawanywi mwisho wa mwaka. Inalipa nauli, chakula cha safari na vipimo kwa mwanachama mwenye barua ya rufaa. Yule mjane aliyepinga mwaka ule ndiye aliyependekeza kifungu cha barua ya rufaa, na ndicho kinachoulinda mfuko. Bila barua, kila mwenye kichwa angeomba.

Mfuko huu haukumponya kila mtu, na hatutaki kuandika kama vile ulifanya hivyo. Mwaka 2021 mwenzetu mwingine alipata saratani ya titi. Alikuwa ameficha uvimbe muda mrefu chini ya kitambaa. Tulimlipia safari sita. Alitutoka Agosti 2022. Mumewe alipokuja kushukuru alisema jambo moja tu, kwamba hakuna siku aliyopangiwa hospitali akabaki nyumbani kwa kukosa nauli.

Kitu kingine kilichotokana na habari hii ni kupimwa. Mwaka 2020 wanachama 16 tulikwenda pamoja siku moja kupimwa kwa siki, tumevaa sare za kikundi ili asiwepo wa kuona haya peke yake. Wawili walikutwa na madoa meupe, wakatibiwa mapema kwa kugandisha kwa baridi, bila safari ya Dar es Salaam. Tangu hapo tunakwenda kwa makundi. Na mabinti wachanjwe. Saratani hii kwa sehemu kubwa inaletwa na kirusi kinachopita kwa kujamiiana, na chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Tangu 2024 ni dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14. Mitaani wanasema eti inafunga kizazi. Si kweli. Kinachofunga kizazi tumekiona sisi kwa macho yetu, na tumekilipia daladala.

Sasa kuna wanaouliza kama mfuko utakuwa na kazi tena, kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Bima ni jambo jema na tunawahimiza wanachama waingie. Lakini bima inalipia dawa, haipiki ugali Muheza wala haipandi basi la Segera na mgonjwa. Tunaona heri viwepo vyote viwili.

Mwenzetu wa machungwa alitimiza miaka mitano tangu amalize mionzi mwaka 2024, na madaktari wanamwona mara moja kwa mwaka. Nauli yake ya safari ya mwisho alikataa kuichukua, alisema apewe mwingine. Binti yake mkubwa alimaliza kidato cha nne, na siku hizi ndiye anayetuandikia barua za kikundi kwa kompyuta.

Imebaki hoja moja mezani. Wanachama saba wameomba mfuko uwahudumie pia wazazi wao, siyo mwanachama peke yake. Mweka hazina amesema hela haitoshi ila mia tano igeuke elfu moja. Hoja hiyo itasomwa kikao cha kwanza baada ya sherehe hizi. Daftari la mfuko liko kwake, na anayetaka kulisoma kabla ya kupiga kura aende siku yoyote baada ya saa kumi.